Nani Ashikaye Macho ya Usiku? Siasa ya Galiamu na Madini Wenziwe

Tarehe 3 Julai, 2023, Wizara ya Biashara ya China, pamoja na idara ya forodha ya nchi hiyo, ilitoa tangazo fupi. Tangazo lilieleza kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, mtu yeyote atakaye kupeleka nje ya China madini ya galiamu au ya jemaniamu, au vitu kadhaa vilivyoundwa kwa madini hayo, hana budi kwanza kuomba kibali cha Serikali na kutaja ni nani atakayevitumia na kwa kazi gani. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa taifa. Katika sehemu zetu tangazo hilo halikumshughulisha mtu. Galiamu si dhahabu. Haimo madukani kwa masonara, haigombaniwi na wachimbaji wadogo, na wengi wetu hatujapata kuiona wala kulisikia jina lake.

Hata hivyo, ndugu askari uliyeko lindoni saa nane za usiku na kurunzi mkononi, umeishika galiamu pasipo kujua. Mwanga ule mweupe watoka katika chembe ndogo ya kampaundi ya galiamu, indiamu na naitrojeni. Simu nyingi za kisasa huusukuma mlio wao hadi kwenye mnara kwa nguvu ya kampaundi ya galiamu na aseniki. Na ikiwa kikosi chako kimebahatika kupata darubini za kuonea usiku za kile kiitwacho kizazi cha tatu, basi jicho lenyewe la darubini hizo ni utando mwembamba wa galiamu na aseniki. Kwa hiyo ugomvi uliozuka baina ya mataifa makubwa juu ya madini haya wawahusu wabeba silaha kabla haujawahusu wafanyabiashara, na yafaa waujue tangu mwanzo wake.

KIZUIZI CHENYE MLINZI

Kila askari wa mawasiliano amefundishwa kwamba shaba, fedha na alumini hupitisha umeme, na kwa sababu hiyo huitwa vipitishi. Mpira, kaure na kioo huuzuia, navyo huitwa vihami. Baina ya makundi hayo mawili pana kundi la tatu, ambalo wataalamu wa lugha yetu wameliita nusu-kipitishi. Jina hilo ni sahihi, lakini laweza kumpotosha mtu akadhani kwamba kitu hicho hupitisha nusu ya umeme na kuzuia nusu. Sivyo kilivyo. Nusu-kipitishi ni mfano wa kizuizi cha barabarani chenye mlinzi: hufunguka kwa amri na kufungwa kwa amri, na amri hiyo yaweza kuwa umeme mwingine mdogo, au mwanga, au joto. Chuma hakijui amri. Nusu-kipitishi huitii, na katika utii huo ndimo zilimozaliwa redio ndogo, rada, kompyuta na makombora yajiongozayo yenyewe.

Silikoni, itokayo katika mchanga, ndiyo mashuhuri kuliko zote. Kila atomu yake ina elektroni nne za nje. Ikikaa na jirani zake na kushirikiana nao, hesabu hutimia nane, na nane ndiyo hesabu iletayo utulivu katika mambo ya atomu. Mapema katika miaka ya 1950 mtaalamu Mjerumani Heinrich Welker alionyesha kwamba nane yaweza kupatikana kwa njia nyingine. Galiamu ina elektroni tatu za nje, aseniki ina tano. Ukiziunganisha, mmoja akaleta tatu na mwingine tano, wapata kitu kipya kinachofanya kazi ya silikoni, tena katika baadhi ya mambo chaipita silikoni yenyewe. Elektroni hukimbia upesi zaidi ndani yake, kwa hiyo chafaa kwa masafa ya juu ya rada; nacho huweza kutoa mwanga, jambo ambalo silikoni hulishindwa. Indiamu na antimoni, galiamu na naitrojeni, zote zafuata hesabu hiyohiyo ya tatu na tano. Zipo pia za mbili na sita, kama vile kadimiamu na teluriamu. Na zipo kampaundi za madini na oksijeni, yaani kutu za namna mbalimbali, ambazo mtu wa kawaida angezitupa.

Hapa nitaje moja ya ajabu. Kutu ya indiamu ikichanganywa na kutu kidogo ya bati hupitisha umeme kama madini, na huku yaonekana wazi kama kioo. Kidole chako kinapogusa uso wa simu na simu ikajua umegusa wapi, ni utando huo usioonekana unaopeleka habari. Rubani wa vita naye huuhitaji, kwa maana kioo cha ndege kilichopakwa utando wa namna hiyo huweza kupashwa moto kwa umeme na kuyeyusha barafu pasipo kumzuia kuona mbele.

JIWE LA REDIO NA RISASI ILIYOONA

Wapo wanaofikiri kwamba vitu hivi ni vya juzi. Mwaka 1874, Mjerumani Ferdinand Braun, aliyekuwa akijaribu mawe ya madini yenye salfa, aligundua kwamba umeme ulipita ndani yake kwa urahisi upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Jiwe lililokuja kujulikana sana kwa tabia hiyo ni galena, yaani risasi iliyoungana na salfa. Mwaka 1901 mtaalamu wa Kihindi, Jagadish Chandra Bose wa Calcutta, aliomba hataza ya kutumia galena kunasia mawimbi ya redio, akaipata mwaka 1904. Kwa miaka mingi baadaye redio za bei nafuu zilikuwa na kijiwe hicho na uzi wa chuma mwembamba ulioitwa sharubu za paka, nazo hazikuhitaji betri.

Na jiwe hilo si geni kwetu. Wanja wa manga uliopambia macho ya mabibi wa pwani tangu zama za kale mara nyingi ulikuwa unga wa galena, au wa antimoni. Kwa maneno mengine, nusu-kipitishi kilikaa machoni pa watu kwa karne nyingi kabla watu hawajakitumia kuonea.

Askari walilijua jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 1944, katika mapigano ya Anzio huko Italia, askari wa Marekani waliokuwa mahandakini walikatazwa kuwa na redio za kawaida, kwa hofu kwamba adui angezigundua. Wakachukua wembe wenye kutu ya samawati, wakaugusisha ncha ya risasi ya penseli kwa pini, wakafunga waya na kisikizio, wakapata muziki. Utando ule wa kutu juu ya wembe ulifanya kazi ya jiwe la galena. Hawakuwa wahandisi, walikuwa na subira na wakati mwingi, vitu ambavyo handaki huvitoa bila malipo.

Lakini galena ilikuwa na kipaji kingine, nacho ndicho kilichobadili vita. Risasi na salfa huhisi miale ya joto ambayo jicho la binadamu haliioni. Wajerumani waliichunguza sana habari hiyo kabla ya Vita Vikuu vya Pili na wakati wa vita vyenyewe. Baada ya vita Wamarekani wakaitia katika pua ya kombora la ndege liitwalo Sidewinder, lililotumiwa kwa mara ya kwanza vitani mwaka 1958 katika mlango wa bahari wa Taiwan. Wasovieti nao wakaitia katika kombora dogo la begani, Strela-2.

Kombora hilo lilifika Afrika. Amílcar Cabral, kiongozi wa PAIGC, aliuawa mjini Conakry tarehe 20 Januari, 1973. Wareno walitumaini kwamba vita vya Guinea-Bissau vingelegea. Mnamo mwezi wa Machi wapiganaji wa PAIGC wakaanza kuzielekezea ndege za Wareno zile Strela, na katika muda wa majuma machache ndege kadhaa, zikiwamo za aina ya Fiat G.91, zikaanguka. Jeshi lililozoea kwamba anga ni yake peke yake likalazimika kubadili namna ya kuruka, na ngome zilizotegemea ndege kwa msaada na kwa kuchukuliwa majeruhi zikawa katika mashaka. Tarehe 24 Septemba mwaka huo PAIGC ilitangaza uhuru, na tarehe 25 Aprili, 1974, maofisa wa jeshi waliochoka na vita vya makoloni wakaiangusha serikali ya Lisbon. Haitakuwa haki kusema kwamba kijiwe cha risasi na salfa ndicho kilichoikomboa Guinea-Bissau. Watu waliikomboa kwa miaka kumi ya taabu. Lakini ni kweli kwamba katika lugha yetu, ambamo madini ya risasi na risasi ya bunduki vina jina moja, mwaka ule palionekana risasi yenye jicho.

Jicho hilo lilikuwa na kasoro zake. Kwa kuwa halikupozwa, liliona tu chuma kilichowaka sana, yaani tundu la nyuma la injini. Ndiyo sababu mpigaji alilazimika kungoja ndege impite. Jua liliweza kulidanganya, na vivyo hivyo mioto iliyotupwa na rubani. Makombora yaliyofuata yakatumia indiamu na antimoni iliyopozwa kwa baridi kali, nayo yaliweza kuiona ndege hata inapokuja uso kwa uso.

MACHO MAWILI YA USIKU

Darubini za usiku ni za aina mbili, na nimesikia hata maofisa wakizichanganya. Aina ya kwanza haioni joto. Hiyo hukusanya mwanga hafifu wa nyota na wa mwezi. Mwanga ukigonga utando wa galiamu na aseniki, elektroni huruka kutoka katika utando huo, huzidishwa maelfu kwa maelfu katika kisahani chenye vitundu vingi sana, kisha hugonga kioo kilichopakwa unga unaong'aa, nawe waona picha ya kijani, au katika darubini nyingine picha nyeupe. Penye giza totoro la ndani ya pango, ambako hakuna mwanga wowote wa kukusanya, darubini hiyo ni kipofu isipokuwa iwe na taa yake ya miale isiyoonekana. Na mtu aliyevaa nguo za rangi ya majani akatulia kichakani aweza kupitwa nayo.

Aina ya pili huona joto lenyewe. Mwili wa binadamu hutoa miale ya joto usiku na mchana. Mwaka 1959 wataalamu wa Kiingereza katika kituo cha utafiti wa rada cha Malvern walitangaza kampaundi ya zebaki, kadimiamu na teluriamu, ambayo mtengenezaji aweza kuichagulia miale ya kuiona kwa kuongeza zebaki au kupunguza. Ni kitu hodari, lakini ni ghali, ni kigumu kutengeneza, na kwa miale mirefu chahitaji kupozwa hadi karibu digrii 196 chini ya sifuri. Jeshi tajiri hufunga kifaa hicho katika kifaru na katika helikopta. Polisi na askari wa miguu walipata nafuu ilipotoka kutu ya madini ya vanadiamu, ambayo haihitaji kupozwa. Joto la mtu likiifikia, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na kutokana na mabadiliko ya maelfu ya chembe zilizopangwa safu kwa safu hupatikana picha. Utafiti huo ulifanywa kwa siri Marekani katika miaka ya 1980, siri ikafunguliwa mwaka 1992, na leo kamera za namna hiyo zafungwa hata katika ndege ndogo zisizo na rubani.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Kamera ya joto haioni kupitia kioo cha dirisha. Mwizi aliye nyuma ya kioo amefichika kwake, ingawa kwa jicho la kawaida yuko mbele yako. Aidha, alfajiri na magharibi huja wakati ambapo mawe, udongo na miti huwa na joto linalokaribiana, na picha hufifia. Adui mwenye akili aujua wakati huo. Tena kwa sababu hiyohiyo ya kioo kuzuia miale, lenzi za kamera hizi haziwezi kuwa za kioo cha kawaida. Nyingi hutengenezwa kwa jemaniamu, ambayo kwa macho yetu ni nyeusi kama bamba la chuma na kwa miale ya joto ni angavu kama maji. Hapo ndipo tangazo la Beijing linapomgusa kila mwenye kamera ya joto.

UGOMVI WENYEWE

Hakuna mgodi wa galiamu duniani. Madini hayo, yaliyogunduliwa na Mfaransa Lecoq de Boisbaudran mwaka 1875, ambayo huyeyuka kwa joto lisilotimia digrii 30, yaani kiganjani mwako, hupatikana kwa uchache sana ndani ya mawe ya boksiti ambamo hutolewa alumini. Tani moja ya boksiti ina wastani wa gramu 50 tu. Mwenye kiwanda cha kusafisha boksiti aweza kuzikamata gramu hizo zikiwa katika maji ya dawa, au aziache zipotee na taka. Viwanda vya China, vinavyotoa alumini nyingi kuliko vya nchi nyingine yoyote, vilizikamata. Bei ikashuka. Viwanda vya nchi nyingine vikaona hakuna faida: Marekani haijatoa galiamu mpya tangu mwaka 1987, na kiwanda cha Stade huko Ujerumani kilifunga kazi hiyo mwaka 2016. Hivyo, tangazo la Julai 2023 lilipotoka, karibu galiamu yote mpya ya dunia, kama asilimia 98, ilitoka China.

Mataifa ya Magharibi yalilalamika kwamba bidhaa imegeuzwa silaha. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini ni ya upande mmoja. Tarehe 7 Oktoba, 2022, Marekani yenyewe ilikuwa imepiga marufuku kuiuzia China saketi za hali ya juu na mashine za kuzitengenezea. Tarehe 2 Desemba, 2024, ikaongeza makampuni 140 katika orodha ya waliozuiwa. Kesho yake China ikajibu kwa kukataza kabisa galiamu, jemaniamu na antimoni zisiende Marekani. Tarehe 4 Februari, 2025, ikaweka masharti ya vibali juu ya indiamu, teluriamu na madini mengine matatu. Msomaji aliyenifuata hadi hapa ataona kwamba majina haya ndiyo yaleyale: indiamu ya kioo cha simu na ya jicho la kombora, teluriamu ya kamera ya kifaru, galiamu ya rada. Aliyeandika orodha hiyo alijua nini kimo ndani ya ghala la silaha la mwenzake.

Antimoni yastahili neno la peke yake. Ndiyo wanja tuliokwisha kuutaja. Ndiyo iliyoungana na indiamu katika makombora. Na kampaundi yake ya salfa imo katika fataki ya risasi za bunduki, pale msumari wa bunduki unapogonga. Rada yaweza kukosekana na vita vikaendelea. Fataki ikikosekana, bunduki ni rungu.

Tarehe 30 Oktoba, 2025, Rais Xi Jinping na Rais Donald Trump walikutana Busan, Korea ya Kusini, na siku chache baadaye, tarehe 9 Novemba, China ikatangaza kuisimamisha marufuku ile ya madini matatu hadi tarehe 27 Novemba, 2026. Wengi walishangilia kana kwamba amani imerudi. Walioyasoma maandishi kwa makini waliona mambo mawili. Kwanza, sharti la vibali lilibaki palepale. Pili, kile kifungu cha tangazo la Desemba 2024 kinachokataza bidhaa za namna hiyo zisipewe wanajeshi wa Marekani hakikuguswa. Kilichofunguliwa ni mlango wa raia.

BOKSITI YA GUINEA, LUNDO LA LUBUMBASHI

Na Afrika? Boksiti ambayo China huinunua kutoka nje hutoka zaidi Guinea, ile iliyo jirani na Guinea-Bissau. Mwaka 2023 zaidi ya theluthi mbili ilitoka huko. Tufanye hesabu ya askari, isiyo na madaha. Tani milioni 100 za boksiti, zikiwa na wastani wa gramu 50 kila tani, zina tani 5,000 za galiamu. Wataalamu husema kwamba kinachoweza kutolewa kwa faida ni chini ya sehemu moja ya kumi. Hata tukisema sehemu ya kumi ya hiyo sehemu ya kumi, zabaki tani 50, ilhali galiamu mpya iliyotolewa dunia nzima mwaka 2024 haikufika tani 1,000. Mwenye boksiti hulipwa kwa ajili ya alumini. Galiamu husafiri bure, kama abiria aliyejificha chini ya mizigo, na huonekana tu baada ya kufika.

Serikali ya Conakry imelitambua jambo hilo kwa ujumla wake, ingawa shabaha yake ni alumini. Ilizitaka kampuni zijenge viwanda vya kusafishia boksiti nchini mwake. Mwezi wa Oktoba 2024 ilizuia shehena za kampuni tanzu ya Emirates Global Aluminium, na mwezi wa Agosti 2025, baada ya mabishano juu ya kiwanda kisichojengwa, ikaifutia haki ya uchimbaji na kuikabidhi kampuni mpya ya taifa. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba hatua ya namna hiyo huwa na maana iwapo tu kiwanda kitajengwa kweli, na ndani yake pawemo chombo cha kukamata galiamu. Vinginevyo bendera itakuwa imebadilishwa juu ya shimo lilelile.

Karibu zaidi nasi, ndugu zetu wa Lubumbashi, wanaozungumza Kiswahili cha Katanga, wameishi vizazi vingi chini ya mlima mweusi ambao hakuuumba Mungu. Ni taka za tanuri la shaba lililowashwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière mwaka 1911. Mawe mengine ya nchi ile, hasa ya Kipushi, iliyoko karibu na mpaka wa Zambia, yalikuwa na jemaniamu, na katika miaka ya 1950, zama za transista za kwanza, Kipushi ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya madini hayo duniani. Mgodi ulifungwa mwaka 1993, ukafunguliwa tena mwaka 2024 kwa ajili ya zinki. Mlima mweusi nao umepata wateja. Kampuni ya STL, ambayo ni ya shirika la serikali la Gécamines, iliingia mkataba na kampuni ya Umicore ya Ubelgiji mwaka 2024, na mwezi wa Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya makinikia ya jemaniamu ikaondoka. Kwa hiyo lenzi ya kamera ya mlinzi wa mpaka fulani wa Ulaya yaweza kuwa ilitoka katika taka ambazo babu wa mfanyakazi wa leo alizibeba kwa toroli. Tuliache swali la kwamba usafishaji wa mwisho wafanyika Ubelgiji. Jibu lake lajulikana, na Gécamines yasema imekusudia kujifunza kazi hiyo hatua kwa hatua.

Bati nalo lina habari yake. Tumeona kwamba kutu ya bati imo katika utando wa kioo cha simu. Bati lenyewe ndilo limbua saketi zote mahali pake. Mawe ya bati, ambayo kwa asili ni kutu ya bati, hupatikana Isingiro katika Uganda, Rutongo katika Rwanda, na kwa wingi sana Bisie katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Machi 2025 wapiganaji wa M23 walipoukaribia mji wa Walikale, kampuni ya Alphamin iliwaondoa wafanyakazi wake na kusimamisha kazi Bisie tarehe 13. Mgodi huo mmoja hutoa kama sehemu sita katika kila mia ya bati la dunia, na bei ikapanda mara moja katika soko la London. Wapiganaji walipoondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili, kazi ikarejea hatua kwa hatua. Kikosi kimoja barabarani katika msitu wa Kongo kilitikisa hesabu za viwanda vya Asia na Ulaya kwa muda wa karibu mwezi mzima.

WENYE MAJESHI YA KADIRI

Majeshi ya nchi zetu hayatengenezi utando wa galiamu wala safu za vanadiamu, na hayatarajiwi kuanza kesho. Hununua. Na katika kununua ndimo yalimo masharti ambayo askari wa chini huyaona kama usumbufu wa makaratasi. Marekani imeziweka darubini za usiku katika orodha ya zana za vita: nchi iliyouziwa hutia sahihi kwamba haitamuuzia wala kumpa mwingine, na wakaguzi huja kuzihesabu moja moja kwa namba. Afande wa ghala anapopiga kelele kwa sababu darubini moja haikurudishwa kutoka doria, si ukali wa bure. Kifaa kimoja kilichopotea chaweza kuwa hoja ya kuinyima nchi shehena nzima. China nayo sasa huuliza maswali ya namna hiyohiyo juu ya madini yenyewe: nani atatumia, kwa kazi gani. Mnunuzi mdogo amekaa kati ya wauliza maswali wawili, mmoja ana kifaa na mwingine ana madini ya kukitengenezea.

Yapo yawezayo kufanywa hapahapa. Utando wa galiamu na aseniki huchakaa upesi ukipigwa na mwanga mkali. Darubini iliyowashwa mchana bila kifuniko hupoteza maisha yake, na jicho lake halitengenezwi katika karakana yoyote ya kwetu. Lenzi ya jemaniamu hukwaruzika, na isifutwe kwa ukosi wa shati. Betri zitolewe kabla ya kifaa kuwekwa ghalani.

Mipakani nako pana kazi. Forodha ina mizani ya dhahabu na macho yaliyozoea koltani na mawe ya bati. Makinikia ya zinki yenye jemaniamu ndani yake ni unga wa kijivu tu, na hati ya mzigo ikiandika zinki, mzigo utapita kwa kodi ya zinki. Kuugundua kwahitaji maabara, na maabara yahitaji mkemia, na mkemia ahitaji mshahara. Polisi mmoja wa mpakani aliniuliza mwaka jana atawezaje kuitambua galiamu akiiona. Nilimjibu kwamba ikiwa safi aishike mkononi kwa dakika chache. Ikiyeyuka, aite mkubwa wake. Alicheka, kisha akasema kwamba kinachopita kwake si safi.